Mgeni wa Mwaka wa Kumi na Tisa

Saa tisa na nusu usiku mashine ya kufua inaamka.
Haikuniuliza mimi. Iliiuliza bei,
na bei ikasema: sasa.
Upepo umevuma sana huko pwani ya magharibi,
watu wamelala, senti zimelala nao,
basi soksi za Eeti zinazunguka gizani
kama ngamia wa kinu.

Mimi ndiye ninayeshuka kuzianika.
Hilo mfumo haulijui.
Unajua kufua, haujui kuanika,
wala haujui kuwa nguo iliyolala mbichi
huamka na uvundo.

Veijo aliifunga mitambo yote mwenyewe, Oktoba,
kwa bisibisi na subira,
kisha akatugawia vyeo juu ya kioo cha simu.
Yeye Msimamizi.
Eeti, miaka kumi na mmoja, Mtumiaji,
kwa sababu aliomba.
Mama mkwe hakupata cheo, alipata kibandiko
mlangoni mwa jiko: USIWASHE KABLA YA SAA TATU.
Nami nilipofungua yangu nikasoma:
Hilppa. Mgeni.

"Ni jina tu," alisema Veijo.
"Mgeni naye anaruhusiwa kuongeza digrii moja."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi nimelishika miaka kumi na tisa:
ninajua dirisha lipi linavuja baridi,
ninajua mguu upi wa Lempi unauma kabla ya theluji,
ninajua mtoto anaposema "sisikii baridi"
ana maana hataki kuacha mchezo.
Hakuna kihisio kilichonitangulia kuyajua haya.

Veijo hufanya kazi mgodini Kittilä, wiki ndani, wiki nje.
Akiwa huko hutuchungulia kwa grafu.
Hatuoni sisi, anaona mstari wetu,
na mstari ukilala naye hulala.

Jumanne ilikuwa thelathini na moja chini ya sifuri,
Kajaani yote imekauka kama kioo,
bei imepanda hadi senti themanini,
simu yangu ikalia:
"Saa moja na robo kuna mlima. Nani?"
Akaniletea na picha.
Tambarare, tambarare, tambarare,
halafu mlima, mweusi, umesimama peke yake.

Nikautazama sana. Sikuwahi kujiona hivyo.

Mlima huo, Veijo, ni mikate ya shayiri, minane.
Ni Taimi wa nyumba ya pili, aliyetoka hospitali
na nyonga mpya na friji tupu.
Ni mama yako, aliyekisoma kibandiko chako
kwa miwani, neno kwa neno,
akakibandua taratibu asichane karatasi,
akakibandika kwenye redio.
Ile ncha ya juu kabisa ni sauna.
Lempi alisema mifupa haisomi bei.
Tulikaa humo watatu, Taimi na fimbo yake,
tukicheka mambo ambayo hayapimwi kwa uniti.

Hayo yote niliyaandika, nikayafuta.
Nikatuma: "Mimi."

Ilipita saa nzima.
Nilimwona akiandika, akiacha, akiandika.
Milima haikutani, wasemavyo.
Kisha: "Umebaki hata mmoja?"

Umebaki. Nimeufunga kwa kitambaa,
uko juu ya pampu ya joto, mahali pekee
ambapo mtambo wake na mkate wangu hawagombani.

Usiku huo saa tisa na nusu nilishuka tena.
Zege la chumba cha kufulia lilining'ata nyayo.
Kwenye kioo cha ukutani bado niliandikwa Mgeni.
Nikabonyeza: digrii moja.

Mfumo ukauliza: kwa muda gani?
Saa moja. Hadi asubuhi. Daima.

Sikujibu upesi.
Mikono yangu ilikuwa imejaa nguo.