Yatokanayo

Barua ilinikuta Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
baiskeli ya mteja imepinduliwa, magurudumu juu,
nami nimeinamisha sikio, naisikiliza ekseli.
"Umeteuliwa kuwa mjumbe wa Bodi ya Shule."
Niliisoma mara mbili; ya tatu nikamwomba Mwanashehe, muuza vitumbua, anisomee,
nisije nikawa nimejipa cheo mwenyewe.

Kikao cha kwanza nilivaa kanzu ya Idi.
Nikala sambusa tatu, nikasema "naunga mkono" mara nne,
moja kati ya hizo kabla hoja haijaisha.
Posho nikaisaini bila miwani.
Mahudhurio nayo, bila miwani.
Tanga ina usemi wake: waja leo, waondoka leo.
Wajumbe, ndio sisi hasa.

Usiku kitu kikanikereketa
kama punje ya mchanga ndani ya beringi:
magunia kumi na tisa, tuliambiwa, yameliwa Juni.
Juni! Bwenini walibaki kidato cha nne peke yao,
watoto sitini na mmoja,
na Riziki wangu, mmoja wao, alirudi amekonda kama spoku.

Kikao cha pili kilikuwa saa nane. Nilifika saa tatu.
Sikwenda ofisini, nilikwenda stoo.
Sikumwita mtu mwizi. Baiskeli ikilia
huanzi kwa kumtukana mwenye nayo;
unaipindua, unazungusha, unasikiliza.
Mzee Sempombe akafungua kufuli polepole,
kama mtu anayeonyesha kidonda.
Bati limetoboka. Gunia juu ya gunia, ukungu wa kijani,
harufu ya pombe ya juzi.
Masika ilikula kabla ya watoto.

Hapo nikaja juu. "Kwa nini mkaandika yameliwa?"
Mwalimu Mntangi, mkuu wa shule, hakupandisha sauti.
"Fomu ina safu mbili: yaliyopokelewa, yaliyoliwa.
Ya kuoza haina."
Kisha akafungua kabati, akatoa mihtasari mitatu, akaweka kidole:
Paa la stoo linavuja. Bodi imepokea. Linafanyiwa kazi.
Paa la stoo. Linafanyiwa kazi.
Stoo. Linafanyiwa kazi.
Na chini ya huo wa tatu, kwa waliohudhuria, saini yangu,
imelala upande kama mlevi mtaroni.

Saa nane, tulipofika kwenye yatokanayo,
nikaomba tusiruke.
Mwenyekiti akatazama saa. Sambusa zikapoa.
Nani? nikauliza. Lini? Kwa fungu lipi?
Maswali ya gereji tu.
Bi Shekalaghe, aliyekuwa karani bandarini,
akaomba rula, akachora safu ya tatu kwenye fomu,
akaandika juu yake: YALIYOHARIBIKA.
Miaka yote hiyo, kumbe ilihitaji rula.

Fungu likapatikana. Ikaja orodha ya mafundi,
na jina la pili: Hizza, shemeji yangu,
bei yake ndogo kuliko zote, Mungu ananijua.
Nikasema, "Huyu ni wangu. Natoka."
Hakuna aliyejua hilo liandikwe wapi.

Nikasimama barazani dakika ishirini.
Darasa la jirani, mwalimu alikuwa anasomesha kwa Kiingereza;
lakini ubaoni alichora gurudumu,
na mshale mahali linaposuguana na barabara.
Hilo nililielewa.

Hizza hakupata kazi. Mke wangu alinipakulia ugali
bila mboga, siku mbili,
na kwenye harusi ya juzi shemeji alinipa mkono kama anayerudisha deni.
Paa limeezekwa. Choo cha wavulana bado.
Mahindi ya Novemba nimeyahesabu mwenyewe, nimevaa miwani:
gunia moja halipo, na si ukungu.
Nimeliandika, na tarehe.
Tutakutana kwenye yatokanayo.