Bati la Syombua

Nalitundika kwa pima maji.
Kiputo kikitulia katikati ya mistari miwili
najua kazi imekaa sawa,
hata kama aliyeichora hajatulia,
yuko nje karibu na jenereta,
sigara ya tatu.

Ni bati la kweli, geji thelathini,
lililoezekwa jikoni kwa mama yake, Mukuru,
miaka kumi na minne.
Kavoi alilishusha Aprili, mvua ikinyesha,
akamwezekea jipya la bluu,
na lile kuukuu akalichora uso wa mama,
kutu akaiacha iwe shavu.
Matundu ya misumari hakuyaziba.
Nimelining'iniza kwa waya, mbali kidogo na ukuta,
taa ipite,
izae nyota sita.

Bi. Wairuri amenipa karatasi ya bei.
Nimehesabu sufuri kwa kidole
kama mtu anayehesabu ngazi gizani.
Nusu ya Kavoi, nusu ya galari.
Nilipoanza kazi hapa nilimuuliza,
"Kwani ukuta umechora nini?"
Hakukasirika. Alifungua daftari:
kodi, stima, bima, msafirishaji,
barua arobaini na moja kwa watu wa mbali,
thelathini na nane hazikujibiwa.
Na ile miezi ya maandamano, mlango umefungwa,
hakuna aliyenunua hata kadi ya posta,
na Kavoi alikula.
Tangu siku hiyo sijui wizi unaanzia wapi.
Najua tu kwamba jina lake limefika Dakar, limefika Basel,
na mwenyewe bado hana pasipoti.

Saa kumi na mbili wanaingia.
Wanasogea, wanarudi nyuma hatua mbili,
wanasema "nguvu", wanasema "kumbukumbu",
wanauliza kama litazidi kushika kutu.
Daktari wa meno kutoka Parklands haulizi kitu.
Anatazama muda mrefu, mdomo wazi kidogo
kama wagonjwa wake.
Bi. Wairuri ananikonyeza.
Nabandua kidoti chekundu, kidogo kama dengu,
nakibandika kando ya jina.

Mlangoni askari anamzuia mwanamke
mwenye leso begani na viatu vya kanisani.
"Kadi ya mwaliko, mama?"
Syombua ananyoosha kidole:
ule uso pale.

Anasimama mbele ya bati lake.
Uso hautazami. Anatazama kona ya juu, kushoto,
pale alipokuwa akitega sufuria.
"Hiki chekundu ni ugonjwa gani?"
"Ni kuuzwa, mama."
"Kwa nani?"
Namwonyesha.
Anamshika daktari mkono kwa mikono yake miwili,
kama mzazi anayemkabidhi mtoto kwa mwalimu:
"Usilitundike juu ya kitanda. Kona ile inavuja."

Watu wanacheka.
Daktari hacheki. Anatoa kalamu, anaandika.

Usiku nimezima taa moja moja,
ya bati nikaiacha mwisho.
Nimezihesabu tena zile nyota.
Ni saba.
Ya saba ni yangu, asubuhi, drili iliponiteleza.
Sijamwambia mtu.