Asilimia Mbili kwa Juma

Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mlinganisha rangi
katika kiwanda cha nguo, hapa hapa Łódź,
chumba chenye dirisha linalotazama kaskazini.
Vipande viwili vya kitambaa, jicho moja lenye mashaka.
Chini ya balbu ya manjano vilikuwa mapacha.
Nikivipeleka dirishani, haviamkiani.
Ndiyo maana hadi leo simkubalii mtu aniambie kitu ni chekundu
kabla hajanitajia taa.

Kiwanda kimekuwa maduka. Wanauza kahawa
palipokuwa na mapipa yetu ya kuchovyea,
nami sebuleni nina tangi la kioo la lita mia mbili
aliloniachia Ignacy, mtoto wa marehemu binti yangu,
alipokwenda kwenye meli za kutandaza nyaya chini ya bahari.
"Bibi, maji ya chumvi nimekuandikia. Mwanga usiguse."

Nikagusa.

Ilikuwa Novemba, saa kumi kasorobo, giza limeshabisha hodi,
na yale matumbawe yamejikunyata, rangi ya ganda la mkate.
Nikasema: maskini, yana kiu ya jua.
Nikapandisha nyeupe hadi tisini, kwa mkupuo mmoja.

Siku ya nne lile lenye matawi likapauka ncha,
siku ya sita, shingo.
Kumbe rangi ile haikuwa yake peke yake.
Ndani ya nyama yake wamo wapangaji,
chembe za mwani zisizoshikika kwa jicho,
wanapika kwa mwanga, wanalipa kodi kwa sukari.
Mwanga ukizidi, jiko linalipuka,
mwenye nyumba anawatimua wote,
anabaki na njaa yake na mifupa.

Nikamkumbuka Wieńczysław, msimamizi wa mapipa,
rula mkononi, akitupiga vidole tukiharakisha moto:
"Sufi haiamrishwi!"

Basi nikashuka hadi thelathini.
Nikapanda asilimia mbili kwa juma, nikiandika kwenye kalenda ya parokia.
Buluu mbele, urujuani nyuma yake,
nyeupe kama chumvi kwenye uji,
nyekundu karibu na sifuri, maana hiyo
naona hunenepesha tu utando wa kwenye kioo.
Wenye nyama laini nikawashusha kwenye kivuli cha mwamba,
mwenye matawi nikamwacha juu, lakini pembeni, kama mgonjwa.
Saa nane za kuwaka. Kisha usiku wa kweli,
hata televisheni nikazima,
nikawa nasikia pampu ikihema na goti langu likilia.

Mwishoni mwa Februari, buluu ikiwa peke yake,
niliona kijani
ambacho hakuna pipa langu lililowahi kukizaa.
Kitambaa hurudisha kile tu taa ilichokipa,
tena hupunguza, kama muuza duka.
Hili lilipewa buluu, likarudisha kijani.
Nilitoa sanduku langu la vipande vya zamani, vyote, mezani.
Hakuna kilichofanana nacho.
Sikuvirudisha sandukuni hadi asubuhi.

Ignacy akapiga simu ya picha. "Nionyeshe."
Simu haikuona kitu, ila buluu tupu, kama wino uliomwagika.
Nikamenya peremende, nikala,
karatasi yake ya rangi ya chungwa nikaitandaza juu ya jicho la simu.
Akapiga kelele hadi mwenzake akaamka.
"Lile la pembeni! Lilikuwa la kahawia!"
"Lilikuwa."
"Si nilikwambia usiguse?"
"Uliniambia."

Tukacheka. Kisha nikaondoa ile karatasi,
nikageuza simu, nikamtazama yeye.
Kitanda cha chuma, shati lililoanikwa kwenye bomba,
mashavu yake rangi ya jivu lililolowa.
"Sogea dirishani," nikamwambia.
"Chumba hiki hakina dirisha, Bibi."
Nikaisogeza simu karibu, nikaiweka mbali,
nikafumba jicho moja kama zamani.

Ignacy,
hiyo taa yenu huko
ni taa ya namna gani?