Herufi Tisa

Mimi ni mchonga mawe. Nalipwa kwa herufi,
si kwa ukweli; kwa ukweli ningelala njaa.

Mfalme wa Siria aliposhuka na tembo wake,
mmoja ana jicho bovu, linachuruzika,
Baraza lilipiga kura, nikaitwa.
Andika: Mfalme ametupa uhuru.
Kwa Kigiriki chetu neno hilo lina herufi tisa.
Nilimnunulia Nanis viatu.

Miaka sita, na huyo mfalme wa Pergamo.
Hana tembo. Ana fedha, ana Zopiro mjumbe wake,
sauti imepakwa mafuta.
Nikapewa jiwe lilelile.
Nikaparuza jina la kwanza mpaka nyusi zikawa nyeupe,
nikachonga la pili.
Uhuru sikuugusa. Ulikaa palepale,
na kwa zile tisa hawakunilipa.

Kisha Siria tena. Kisha Pergamo.
Penye jina pakafanya bonde:
pitisha kidole, kinazama kama kwenye bakuli.
Halafu wakaoana, binti wa huyu na mpwa wa yule,
miji mitatu ikatajwa katika mkataba wa ndoa,
wetu wa tatu, baada ya bwawa la samaki.
Ndoa ikavunjika. Bwawa lilirudishwa.

Ndipo panzi wawili wakamwandikia barua kunguru mmoja,
kila panzi akimshitaki mwenzake.

Barazani Leontisko, muuza divai, alipanda jukwaani:
"Mgeni njoo, mwenyeji apone!"
Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga;
vumbi likatoka viganjani.

Mrumi alikuja na nyumbu wawili
na karani mwenye mafua.
Tulimletea taji, akalipa mtumishi alishike.
Aliuliza kina cha bandari.
Aliuliza mbuzi ni wangapi,
na ufunguo wa ghala anao nani.
Nikamsogelea mkalimani: Na jiwe letu, je?
Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa na mtoto.
Maneno yenu yamekwisha andikwa, akasema,
kwenye shaba, huko kwao, juu ya kilima.

Sijui aliyeyachonga ni nani.
Sijui kama naye hulipwa kwa herufi.
Neno letu limo? Sijui.

Jiwe nililikuta juzi sokoni, limelazwa kifudifudi,
mwanamke anapasulia pweza mgongoni pake.
Nilitaka kumwambia. Nikanunua pweza.

Siku hizi nachonga mawe ya barabara.
Barabara imenyooka, haijui shamba la nani;
kila maili jiwe, kila jiwe namba.
Nanis amevificha vile viatu, anangoja sikukuu.
Jana nilifika jiwe la tisa.
Warumi huandika tisa kwa herufi mbili.

Nililipwa mbili.