Herufi Moja

Kazi yangu ni kupasua.
Ghalani Newala, msimu ukifunguka,
nalichoma bambo ubavuni mwa gunia,
natoa kiganja cha korosho, nazikata katikati:
hii nzima, hii imesinyaa,
hii ina madoa, hii imeoza kimyakimya.
Kwa chache hizo nalihukumu gunia zima.
Wakulima hununa. "Kiganja kimoja, Somoe,
kinajua nini habari za gunia?"
Kinajua, huwajibu.

Basi mwaka mzima nilitema damu
nikaulaumu mswaki.
Nikanunua laini. Laini nao ukaja mwekundu.
Nikalaumu muhogo wa kuchoma,
nikalaumu umri, arobaini na sita si haba.
Jino la juu likaanza kucheza
kama kigingi cha mbuzi wakati wa masika,
na Mchopa, mume mstaarabu,
akaanza kulala ameelekea ukutani.

Tabibu wa meno ni kijana, Nachinguru.
Alishika kijiti cha chuma chenye vistari
akakichovya kati ya jino na ufizi.
Akahesabu: tatu. Tano. Sita.
Nikaitambua ile kazi.
Nilikuwa napigwa bambo.

"Mama, nipe kidole." Akatoboa.
"Mama, kikopo hiki, nenda nacho chooni."
Nikacheka kwa mdomo uliofumbwa:
nimekuletea jino, wewe unataka mkojo?

Hakucheka.
Alisema sukari yangu haijawa kisukari,
ila imesogea ukingoni,
na mkojo umebeba kitu
ambacho figo hazikupaswa kukiachia,
kidogo tu, unyayo wa sisimizi.
Alisema fizi zikikaa zimevimba
mwili unakuwa na moto mdogo usiozimwa,
na vijidudu hupitia pale penye kidonda
vikaingia damuni bila hodi.
Sukari inauchochea moto,
moto unaipandisha sukari,
na damu yote hiyo, Mama,
lazima ipite figoni ikachujwe.

"Lipi lilitangulia?"
"Sijui. Hata walionifundisha wanabishana.
Ninachojua, huonekana pamoja,
kama watu wawili wanaokana kufahamiana
na viatu vyao vina udongo wa njia moja."

Nilirudi kwa njia ya Shimo la Mungu.
Sikwenda kutazama, dada yangu anakaa upande ule.
Lakini nilisimama, hatua tatu
kutoka pale ardhi inapokatika.
Ajabu ya ukingo:
miguu bado iko mahali tambarare.
Hakuna anayekusukuma.
Hakuna anayekushika.

Fizi, nikasema. Figo.
Peke yangu, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza.
Herufi moja ndiyo ukuta wao,
ulimi ukiteleza umeshahamia nyumba ya pili.

Kwetu huku juu maji ni ya kukinga.
Kila mwaka kabla ya mvua ya kwanza
mama alimpandisha batini mtoto mwepesi
afagie majani, mavi ya ndege,
siku moja panya aliyekauka kama soli.
Majirani waliteremka visimani mwao na ndoo
kuchota tope. Mama hakuteremka.
Kisima, alisema, hufagiwa juu.
Mtoto mwepesi nilikuwa mimi,
na nimechukua miaka yote hii kumwelewa.

Nachinguru alinikwangua ugaga siku mbili.
Ulianguka kwenye bakuli vipande vipande
kama chokaa ya nyumba ya zamani.
Sasa natumia uzi kila usiku,
chai nakunywa kavu, soda ya karani wa mizani naikataa
naye ananiona nina maringo.
Mchopa amegeuka, ingawa hajasema kitu.

Januari nitarudi na kikopo.

Leo asubuhi nilitema,
nikainama kutazama
kama nitazamavyo korosho iliyopasuliwa:
wekundu hafifu, karibu maji.
Kalamu iko sikioni.
Daraja sijaandika.