Jozi Tatu

Kaka yangu Oiva huruka kwa skii.
Kocha alisema mara moja tu, tena kwa utani:
"Mwepesi ndiye afikaye mbali."
Neno likaingia, likakosa pa kutokea.

Tangu vuli akawa anakata mkate mweusi
vipande vidogo kama stempu,
anavipanga ukingoni mwa sahani.
Nyumbani ameshiba shuleni.
Shuleni ameshiba nyumbani.

Mama alipika supu ya samaki na maziwa.
Baba akagomba. Kugomba hakujazi kijiko.
Mimi, wa miaka kumi na mmoja, nikahesabu soksi:
jozi tatu miguuni, ndani ya nyumba yenye moto,
na nywele zake kwenye tundu la bafu.

Nikaenda kwa Terttu, muuguzi wa shule.
Nilidhani nasaliti.
Alinipa kiti, hakunipa hotuba.
"Huu ni ugonjwa," akasema, "si ukaidi,
wala si kosa la mama yako.
Na wavulana pia huugua."

Sasa kila Alhamisi tunapanda basi kwenda Kuopio,
Oiva kwa daktari, sisi kwa mshauri.
Njiani haongei, anachora duara kwenye ukungu wa dirisha.

Juzi alikula nusu ya mkate, akalia,
akanitukana kwa kwenda kusema,
kisha akanisogezea siagi.

Sijui kama atapona kabla ya kiangazi.
Mshauri ameniambia niache kuhesabu soksi.
Bado nahesabu.
Leo zilikuwa jozi mbili.