Upande wa Ndani

Msimu ule maparachichi yalipopata bei
nilinunua shangingi jeusi, viti vya ngozi,
mlango unaojifunga kwa pumzi, si kwa kishindo.
Uyole wakaacha kuniita Mwasaga,
wakaniita Bosi, hata wale wanaonidai.

Kelele ilianza kama kitu cha jirani.
Ukipita themanini, tambarare ya Igurusi,
wuuu, wuuu, wuuu, chini ya miguu,
kama mtu anayesaga mahindi nyumba ya tatu.
Nikaongeza redio.
Mama, ninayemfuata Tukuyu kila mwisho wa mwezi,
alikaa kiti cha nyuma na kapu lake la ndizi, akasema,
"Gari lako linaomboleza, Ambilikile."
Ni lami, Mama. Wakandarasi wa siku hizi.
Akafumba macho. Nikaongeza redio tena.

Fundi wa kwanza, Mwanjelwa,
miwani ya jua ndani ya banda lenye giza,
alisema beringi. Nikanunua beringi.
Wa pili akasema shokapu,
akataja bei huku akivitazama viatu vyangu.
Nikanunua shokapu.
Kelele ikatulia humo humo,
mpangaji aliyehamishiwa chumba kikubwa.

Na kila Jumamosi kijana wa kuosha
aliyapaka matairi dawa mpaka yakang'aa
kama viatu vya bwana harusi.

Tusajigwe ana gereji nyuma ya soko la viazi.
Hakuwasha gari. Hakuuliza mwaka wala injini.
Aliagiza jeki, akavua glavu moja,
akapitisha kiganja juu ya tairi, taratibu,
namna unavyompapasa ng'ombe mgeni.
Kwenda, laini.
Kurudi, meno.
"Lete mkono wako," akasema,
nami nikaugusa msumeno niliokuwa nikiupaka dawa.

Kisha akaingiza tochi kwa ndani,
kule ambako hakuna anayeosha.
Nje, kashata zote zipo.
Ndani, kipara, na kwenye kipara
nyuzi za waya zinachungulia, nyembamba, zina kutu,
kama mvi kidevuni mwa mtu aliyenyolewa gizani.
Wiki mbili kabla nilishuka nalo Kitonga,
watoto watatu nyuma, lori la mbao mbele yangu,
mimi napiga mluzi.
Hilo sikumwambia. Naye hakuuliza.

"Bushi za mkono wa chini zimekufa siku nyingi.
Gurudumu linaegemea ndani, linatembea limepinda,
nawe huoni kwa sababu gari linakwenda mbele.
Ukifunga matairi mapya bila kulinyoosha
utakuwa umelilisha tu."
Hesabu aliiandika kwa chaki ubavuni mwa tairi.
Haikufika hata nusu ya beringi na shokapu.
Nilisoma mara mbili, nikitafuta sifuri iliyofutika.

Siku mbili. Bushi, alaimenti, balansi,
mapya mawili mbele.
Ya nyuma akayabadilisha upande, akanionya:
"Haya yatalia bado kidogo.
Tairi likishajifunza kulia
halinyamazi siku ile ile unayolinyoosha."

Jumapili nikapandisha Isyonje na Mama,
ukungu umelala barabarani, taa za malori zina njano ya ugonjwa.
Redio nimeizima,
nataka kusikiliza pesa yangu.

Kimya. Ndizi zinasuguana kapuni.
Ile ya nyuma, wuu, ndogo, kama alivyosema fundi.
Halafu nyingine, ambayo si ya gari:
filimbi nyembamba, kuvuta, kutoa, kuvuta,
kwenye kiti cha ngozi nyuma yangu.

Nikapunguza mwendo hadi arobaini. Haikupungua.
Hadi ishirini.

"Mama, kifua hicho tangu lini?"

Alikuwa anatazama nje,
wauza viazi wakiyafunika magunia kwa nailoni.
"Tangu Mei," akasema.
"Nilidhani unanisikia."